Hisia Inayotajwa na Hisia Inayosukuma: Hotuba kwa Waigizaji na Walimu wa Fasihi, Dodoma

Ndugu mwenyekiti, walimu wa fasihi, viongozi wa vikundi vya sanaa mliotoka Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na hapa mjini, wanafunzi mliojaa mpaka madirishani: mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni.

Mmeomba tuzungumze namna hisia zinavyowasukuma wahusika wa tanzia, yaani tamthilia zinazoishia kwa maafa, kutenda. Nitabaki kwenye tamthilia moja, Juliasi Kaizari ya William Shakespeare, kisa cha Warumi waliokula njama wakamuua mtawala wao, Caesar. Tunayo kwa Kiswahili tangu 1963, Mwalimu Nyerere alipoitafsiri, na toleo alilolipitia upya likatoka 1969. Tena huu ni mji wa Bunge, masikio yake yamezoea hotuba, na kiini cha tamthilia hii ni hotuba mbili zinazotolewa juu ya kifo kimoja.

Nianze na kosa linalojirudia kwenye mazoezi. Kijana anapewa nafasi ya Cassius, mwanzilishi wa njama hiyo. Anasoma mara moja, anaandika pembeni ya karatasi "wivu", halafu anakunja uso kuanzia tendo la kwanza hadi anapokufa katika tendo la tano. Dakika ya tatu hadhira imeshamwelewa, na hapo haina tena cha kungojea. Amepaka hisia usoni kama poda. Hisia ya tanzia ni msukumo: kuna kilichoichokoza, kuna inachokitaka, na mwisho wake ni kitendo ambacho hakirudi nyuma. Kilicho kigumu zaidi ni kwamba mhusika hutaja hisia moja huku anasukumwa na nyingine. Anayoitaja ndiyo anayojivunia. Inayomsukuma anaionea aibu, au hata yeye mwenyewe hajaijua. Mwigizaji asipozijua zote mbili atacheza ile ya mdomoni tu.

Tumtazame Cassius kwa karibu, tendo la kwanza, onyesho la pili. Anataka kumvuta Brutus, rafiki wa Caesar anayeheshimiwa Roma, waungane dhidi ya Caesar. Anasema habari ya heshima na uhuru wa Roma. Sikilizeni sasa ushahidi anaouleta. Anasimulia siku ya upepo walipojitupa mtoni, kwenye mto Tiber, wakishindana kuogelea, na kabla hawajafika ng'ambo Caesar akalia, "Nisaidie Cassius, nazama!" Cassius akambeba begani. Anasimulia tena homa iliyomshika Caesar huko Hispania, alivyotetemeka, midomo ikapauka, akaomba maji kama binti mgonjwa. Basi. Hataji sheria iliyovunjwa wala raia aliyeonewa. Kinachomchoma ni kwamba mtu aliyembeba begani leo amekuwa mungu, na yeye Cassius anapaswa kuinama Caesar akimtikisia kichwa tu.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Wivu ni wa mtu anayelinda chake, husuda ni ya mtu anayeumizwa na cha mwenzake. Ya Cassius ni husuda, na ndani yake kuna kinyongo cha msaada usiolipwa. Kwa hiyo kisa cha mtoni akianze kwa wepesi, kama mtu anayefurahia kukisimulia. Afikapo kwenye neno "mungu", ashushe sauti. Akilipiga kelele, husuda inageuka kuwa hasira ya kawaida na Brutus hatakuwa na sababu ya kumsikiliza.

Kuna jambo la kiufundi katika onyesho hilo ambalo vikundi vingi vinalipuuza. Umati unashangilia nyuma ya jukwaa mara mbili wakati wawili hawa wanaongea. Shangwe ya kwanza inapopanda, Brutus anaropoka kwamba anahofia watu wanamchagua Caesar kuwa mfalme. Cassius analidaka neno lile lile: unahofia? Basi hutaki iwe hivyo. Mlango umefunguka, na aliyeufungua ni kelele za uwanjani. Wekeni watu 8 au 10 nyuma ya pazia, mmoja wao ashike maandishi na kuwapa ishara kwa mkono. Shangwe ikichelewa hata kwa sekunde tatu, Brutus atakuwa anahofia kitu ambacho hadhira haijakisikia, na hofu hiyo itaonekana imetoka hewani. Mkicheza nje, miezi ya upepo wa Dodoma, watu hao wasimame upande upepo unakotokea.

Caesar mwenyewe yuko jukwaani akiwa hai katika maonyesho matatu tu, na kila mara kiburi chake kinaficha hofu. Anamwambia rafiki yake Antony kwamba yule Cassius amekonda, ana macho ya njaa, anafikiri mno, watu wa namna hiyo ni hatari. Halafu anajisahihisha: nakwambia cha kuogopwa, sikwambii ninachokiogopa mimi, kwani mimi siku zote ni Caesar. Sentensi inayofuata anamwomba Antony ahamie upande wake wa kulia, maana sikio hili la kushoto halisikii. Mtu na mungu wamekutana katika pumzi moja. Mwigizaji asiweke kituo kati ya sentensi hizo mbili. Aseme "mimi ni Caesar" na hapo hapo ageuze kichwa kutafuta sauti.

Asubuhi ya tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo, hofu hiyo inapimwa. Calphurnia ameota sanamu ya mumewe ikitoa damu kwa matundu mia, na Warumi wakinawa humo huku wanatabasamu. Caesar anasema atakwenda. Mke anapiga magoti, Caesar anasema hatakwenda. Anaingia Decius, mmoja wa wala njama, na kazi yake ni kumtoa nyumbani. Hambishii kwamba hakuna hatari, maana hapo angeshindwa. Anaigeuza ndoto: damu ile ni uhai ambao Roma itaunyonya kutoka kwako. Kisha anaongeza mambo mawili, kwamba Seneti imeazimia kumpa taji leo hii, na kwamba asipokwenda kuna mtu atasema kwa dhihaka, tuahirishe kikao mpaka mke wa Caesar aote ndoto nzuri zaidi. Tamaa upande mmoja, fedheha upande wa pili. Caesar anaomba joho lake. Katika mazoezi mwambieni mwigizaji achague ni lipi kati ya hayo mawili limemwinua kitini. Naamini ni fedheha, kwa sababu neno la kwanza analotoa baada ya hapo ni kumwambia mkewe jinsi hofu zake zinavyoonekana za kipumbavu sasa. Anazitua hofu zake mwenyewe kichwani kwa mkewe.

Brutus ni kazi nzito kuliko wote. Wengi humwona mtu wa akili, kwa hiyo humcheza bila joto. Fungueni mwanzo wa tendo la pili. Yuko bustanini usiku, na maneno yake ya kwanza kuhusu jambo hili ni kwamba haina budi afe. Hukumu imetangulia, ushahidi unatafutwa baadaye. Anakiri hana kisa binafsi na Caesar. Anakiri hajawahi kuona matamanio ya Caesar yakiitawala akili yake. Mwishowe anashika mfano wa yai la nyoka: auawe angali gandani. Anamuua mtu kwa lile ambalo huenda akawa.

Nini kinamsukuma? Mdomoni ni upendo kwa Roma, nao ni wa kweli, tusimvue. Ila chini yake kuna barua. Cassius amepanga zitupwe kupitia dirishani, kwa miandiko tofauti, kana kwamba zimetoka kwa raia wengi. Moja inasema: Brutus, umelala, amka ujitazame. Babu zake walimfukuza mfalme wa mwisho wa Roma, na sasa mji unamwambia amelala. Huyu ni mtu anayeogopa kulichafua jina la ukoo wake kuliko anavyoogopa kifo. Mtu wa namna hiyo akiguswa kwenye heshima hatafuti tena hoja, anatafuta ruhusa. Ndiyo sababu anakataa wala njama wenzake wale kiapo, ndiyo sababu anakataa Antony auawe pamoja na Caesar: anataka mauaji yafanane na sadaka. Makosa yake yote ya baadaye yametoka kwenye haja hiyo ya kubaki msafi. Aristotle aliandika kwamba shujaa wa tanzia huanguka kwa kosa, wala si kwa uovu, na kwamba hadhira hujaa huruma na hofu. Brutus anatimiza yote mawili kwa sababu kosa lake limeota kwenye wema wake.

Portia, mke wa Brutus, nitampitia haraka, ingawa anastahili siku yake. Mtazameni katika tendo la pili, onyesho la nne. Anamtuma mtoto Lucius akimbie Seneti. Mtoto anauliza, nikafanye nini mama? Hajamwambia. Anamkemea kwa kutokwenda, huku hajampa ujumbe. Mwanamke aliyejichoma jeraha pajani kuthibitisha kwamba anaweza kutunza siri, siri yenyewe sasa inamtoka kwa miguu na mikono. Hakuna haja ya machozi hapo. Amshike mtoto bega, amsukume, amvute tena.

Sasa Antony. Wala njama wamempuuza kwa sababu ni mtu wa michezo na starehe. Anafika mbele ya maiti na anafanya jambo ambalo hadhira isipoliona vizuri, hotuba yake yote inapungua nguvu: anaomba mkono wa kila muuaji, mmoja mmoja, kwa jina. Brutus, Cassius, Decius, Metellus, Cinna, Casca, na wa mwisho Trebonius. Mikono saba yenye damu. Trebonius hakuwepo wakati wa kuchoma, ndiye aliyemvuta Antony pembeni wakati rafiki yake anauawa, na kwake Antony anasema ni wa mwisho kwa zamu, si kwa upendo. Huzuni na kisasi viko kiganjani pamoja. Damu lazima imhamie Antony mkononi ionekane. Chemsheni kikombe kimoja cha sukari kwa nusu kikombe cha maji mpaka iwe sharubati, ikipoa tieni vijiko viwili vidogo vya rangi nyekundu ya chakula na robo kijiko cha unga wa kakao ili isiwe nyekundu ya pipi. Kwa ukavu wa hewa ya hapa sharubati hunata mapema na kushika vumbi, kwa hiyo ipakwe dakika chache kabla ya kuingia, na mwenye kushughulikia vifaa awe na kitambaa kibichi nyuma ya pazia. Wakiondoka wote, Antony abaki anakitazama kiganja kabla hajasema neno na maiti.

Brutus anahutubia kwanza, kwa lugha ya nathari, sentensi zilizopimwa kwa mizani: alinipenda, namlilia, alikuwa na tamaa ya ukubwa, nikamuua. Umati unamshangilia hata mmoja anasema yeye ndiye awe Caesar. Hawajaelewa hata neno moja la alichokifia mtu yule. Kisha Brutus anaondoka na kumwachia Antony jukwaa, ingawa Cassius alimwonya. Msafi hataki kuonekana anamziba mtu mdomo.

Wanawake wa Kigogo mliowahi kupiga muheme mnajua ngozi ya ngoma hupashwa moto kabla haijapigwa. Ngozi baridi haitoi mlio hata ukiipiga kwa nguvu zako zote. Antony anaanza kwa kupasha. Mwigizaji anayeingia na kejeli kwenye "Brutus ni mtu wa heshima" ya kwanza ameua onyesho, kwa sababu umati dakika hiyo bado uko kwa Brutus, na raia mmoja ameshasema ni heri huyu asimseme Brutus vibaya hapa. Ile ya kwanza iwe ya heshima kweli. Ya pili iwe ya mtu anayejiuliza. Kejeli isiingie mpaka watu wenyewe waanze kuitia.

Halafu anasema moyo wake uko jenezani pamoja na Caesar, hana budi anyamaze mpaka umrudie. Je, huzuni hiyo ni ya kweli au ni ujanja? Ni ya kweli, na anaitumia. Wakati amenyamaza, raia wanaanza kunong'ona, na kila mmoja anamwambia mwenzake kile ambacho Antony hajakisema. Hesabuni mpaka tano kabla raia wa kwanza hajafungua mdomo. Waongozaji huogopa ukimya huo na kuukata. Msiukate.

Baada ya hapo anawaonyesha wosia na kukataa kuusoma, hamu ikapanda. Anashuka, anawafanya wazunguke maiti. Analishika joho na kuwaonyesha matundu: hapa kisu cha Cassius, hapa Casca, hapa Brutus aliyependwa. Kumbukeni Trebonius alimtoa Antony pale mapema. Hakuona nani alichoma wapi. Anayabuni matundu yale mbele ya macho yao, na hakuna anayeuliza, kwa sababu mtu aliyejaa huruma hahesabu. Umati unapandwa na mori, unakimbia kuchoma nyumba, na yeye anawarudisha: mmesahau wosia! Kwa nini awarudishe wakati wameshawaka? Hasira iliyotokana na huruma peke yake hupoa ikishatembea mitaa miwili. Anaifungia shukrani na faida: drakma 75 kwa kila raia, na bustani za Caesar kando ya Tiber ziwe zao milele. Sasa hawatapoa.

Maandishi yana sauti nne za raia, nanyi mtaongeza watu wengine wasiosema. Mpeni kila mmoja mstari wake wa kugeuka, mmoja kwenye ukimya, mwingine kwenye wosia, mwingine asigeuke mpaka maiti ifunuliwe. Wakigeuka wote kwa pamoja wanaonekana wamefundishwa, na woga wa onyesho linalofuata unapotea. Onyesho hilo ni fupi: umati huo huo unamkamata mshairi aitwaye Cinna, jina moja na mla njama. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi. Wanamrarua. Hasira haikuhitaji tena mtu mwenye kosa, jina lilitosha. Na mwanzoni mwa tendo la nne, Antony na wenzake wakiwa mezani wanaandika majina ya watakaouawa, anaagiza wosia ule uletwe waone namna ya kupunguza kilichoachiwa watu. Mwigizaji aliyelia kweli kwenye joho aseme sentensi hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu wa mahesabu.

Cassius kwenye tendo la tano anakufa kwa sababu macho yake ni dhaifu. Anamtuma mtumwa wake Pindarus atazame kutoka kilimani, naye anasema Titinius, rafiki wa Cassius, amezingirwa na wapanda farasi wanaopiga kelele za furaha. Wale walikuwa rafiki. Cassius anamwamuru Pindarus amuue kwa upanga uliomchoma Caesar. Aliyemjengea Brutus hofu ya jambo lisilotokea ameuawa na hofu ya jambo lisilotokea.

Muda uliobaki nataka tuufanyie kazi. Walioleta maandishi, fungueni tendo la nne, onyesho la tatu, hemani, Brutus na Cassius. Wanagombana kuhusu fedha. Brutus anamshutumu mwenzake kwa rushwa, na papo hapo analalamika kwamba aliomba dhahabu ya kulipa majeshi akanyimwa, maana yeye hawezi kukusanya fedha kwa njia chafu. Ukali wake umepita kiasi cha kosa. Anamdhalilisha rafiki mbele ya uso wake mpaka Cassius anafungua kifua na kumpa kisu. Wanapatana. Ndipo Cassius anashangaa, sikujua unaweza kukasirika hivyo. Brutus anajibu kwamba ana huzuni nyingi. Kisha anasema: Portia amekufa.

Alikuwa anajua tangu mstari wa kwanza. Ugomvi wote ule ulikuwa kilio, kikitoka kwa mlango wa fedha kwa sababu mlango wa machozi Brutus ameufunga.

Tutausoma mara mbili. Mara ya kwanza wawili watakaojitolea wasome kama ugomvi wa fedha, kwa hasira tupu. Kisha dakika kumi kila mmoja na penseli, atie alama mahali Brutus anaposema jambo lililo kubwa kuliko kosa analolizungumzia. Nitashangaa mkipata chini ya alama tano. Mara ya pili Brutus asome huku ameshika kitu kidogo cha mkewe kwenye kiganja kilichofumbwa, pete au kipande cha kitambaa, bila kumwonyesha Cassius wala sisi. Asikifumbue mpaka afike kwenye jina. Nani anasoma Brutus? Wewe dada wa safu ya tatu, njoo mbele. Na Cassius?